Maisha ya Ismail Bey Gasprinsky, Mwalimu wa Waislamu wa Urusi

Tunawaletea ndugu zetu wasomaji khabari za maisha ya mtu ambaye jina lake katika zama zake lilitajwa kwa kheri na kwa shari kutoka Istanbul mpaka Kashgar, na kutoka Kazan mpaka Cairo. Katika miji yetu ya pwani wanaomjua ni wachache, na hao aghlabu ni waliosoma majarida ya Misri ya zamani. Sisi tumemchagua kwa sababu moja. Katika darasa zetu za baada ya Isha limezuka mara nyingi suali la skuli na nyumba: mwalimu analalamika kuwa wazee hawamsaidii, na mzee analalamika kuwa skuli inamchukua mtoto wake na kumrejeshea mtu mwengine. Kila mmoja anamwona mwenziwe kuwa ni mkaidi. Mtu huyu tunayemweleza aliishi umri wake wote katikati ya malalamiko kama hayo, na alikosea vibaya kabla ya kupatia.

Nchi aliyozaliwa ni Crimea, rasi kubwa iliyoingia katika Bahari Nyeusi kutoka kaskazini. Ilitawaliwa na makhani wa Kiislamu wa ukoo wa Giray kwa zaidi ya miaka 300, na mji wao mkuu ulikuwa Bakhchisaray. Mwaka 1783 Malkia Catherine wa Urusi akaitwaa. Tangu hapo Watatari wa nchi hiyo wakaanza kuhamia Uturuki, na baada ya vita vya 1853 mpaka 1856 walihama kwa makundi, hata inakisiwa kuwa watu kiasi cha 200,000 waliondoka katika miaka michache. Waliobaki wakawa wageni katika nchi yao wenyewe. Ama ndugu zao wa Kazan, kando ya mto Volga, wao walikuwa na jeraha la zamani zaidi. Katika miaka ya 1740 serikali ilivunja misikiti 418 kati ya 536 iliyokuwako katika jimbo lile, na skuli zikafunguliwa ili watoto wa waliobatizwa walelewe katika Ukristo. Mambo kama haya hayasahauliki upesi. Bibi humhadithia mjukuu, na mjukuu akishakuwa bibi naye huyahadithia. Kwa hivyo mzee wa Kitatari wa zama za Ismail alipoambiwa na serikali ampeleke mwanawe akasome Kirusi, jambo la kwanza lililomjia moyoni ni ile misikiti. Hatuwezi kumlaumu.

Ismail alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Avcıköy, karibu na Bakhchisaray. Baba yake, Mustafa, aliitumikia serikali ya Kirusi na akapata cheo, na jina la ukoo limetokana na kijiji chao cha asili kiitwacho Gaspra. Alianza kusoma katika chuo cha Kiislamu kama watoto wote wa mji, kisha akapelekwa skuli ya Kirusi ya Simferopol, na kutoka hapo skuli za askari, kwanza Voronezh na baadaye Moscow. Huko Moscow akawa anaingia katika nyumba ya Katkov, mtu wa magazeti aliyekuwa mtetezi mkubwa wa ukuu wa taifa la Kirusi. Mtoto wa Kiislamu akawa anakaa katika meza ambayo mazungumzo yake ni namna gani mataifa madogo yamezwe na taifa kubwa. Wengine katika hali kama hiyo humezwa kweli. Yeye ilimfanya azinduke, lakini vilevile alijifunza jambo ambalo Watatari wengi wa mji wake hawakupata nafasi ya kulijifunza, nalo ni kuwa Warusi nao ni watu mbalimbali, wako wabaya na wako waungwana, na wengi wao hawawajui Waislamu hata kidogo.

Mwaka 1867, vilipokuwa vinapiganwa vita katika kisiwa cha Crete, yeye na mwanafunzi mwenziwe wa Kitatari walitoroka skuli wakitaka kwenda kuwasaidia Waturuki. Walifika mpaka bandari ya Odessa, na huko wakakamatwa kwa kuwa hawakuwa na pasi za safari, wakarejeshwa makwao. Uaskari wake ukaishia hapo. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Sasa tunafika katika kosa tulilolitaja. Katika Bakhchisaray iko madrasa kongwe iitwayo Zincirli, iliyojengwa mwaka 1500 na Khan Mengli Giray. Maana ya jina lake ni yenye mnyororo, kwani juu ya mlango wake ulitundikwa mnyororo ili kila aingiaye, awe mkubwa au mdogo, ainamishe kichwa mbele ya elimu. Mwaka 1868 Ismail alipewa kazi ya kufundisha Kirusi katika madrasa hiyo. Alikuwa kijana aliyetoka Moscow, na alipoona wanafunzi wanakaa miaka mingi juu ya vitabu vya nahau ya Kiarabu bila ya kuweza kuandika barua kwa lugha yao, hakustahamili. Akaanza kuutoa makosa mpango wa masomo hadharani. Wanafunzi walikasirika, kisha wakamtisha, na mwisho akalazimika kuiacha kazi na kuondoka.

Tukiyapima maneno yake kwa mizani ya elimu, mengi yalikuwa ya haki. Lakini aliyasema kama mgeni anayeingia nyumba ya watu akaanza kwa kuhesabu nyufa za ukuta. Wanafunzi wale hawakuisikia nasaha. Walisikia dharau, na dharau ilikuwamo. Hapana shaka kuwa jambo hili lilimkaa rohoni, kwani katika miaka yote iliyofuata hatumwoni tena akiingia mahali kwa namna ile.

Baada ya hapo alizunguka. Alikwenda Paris, akaishi huko kiasi cha miaka miwili kwa kazi ya kufasiri, na kwa muda alikuwa msaidizi wa mwandishi mashuhuri wa Kirusi, Turgenev. Mwaka 1874 alikwenda Istanbul akitaraji kuwa afisa wa jeshi la Sultani, akangoja karibu mwaka mzima, hakukubaliwa. Alirejea Crimea mikono mitupu, na mwishoni mwa miaka ya 1870 watu wa Bakhchisaray wakamchagua katika baraza la mji, kisha akawa mkuu wa baraza hilo. Sisi twaona kuwa miaka hii ya barazani ndiyo iliyomsomesha kuliko Paris. Mtu anayesikiliza kila siku magomvi ya visima, njia na kodi hujua watu wanataka nini na wanaogopa nini.

Mwaka 1881 aliandika kwa Kirusi risala ndefu juu ya Waislamu wa Urusi. Hoja yake kwa serikali ilikuwa hivi, kwa kuieleza kwa muhtasari: nyinyi mnataka Waislamu wajue Kirusi na elimu za kisasa, na njia mliyoishika ni kufungua skuli ambazo mwalimu wake haijui lugha ya mtoto, na dini ya mtoto haina mahali ndani yake, kisha mnastaajabu kuwa madarasa ni matupu. Wafundisheni elimu kwa lugha yao, ndani ya madrasa zao, na Kirusi watakifuata wenyewe kwa kuwa watakihitaji. Tangu mwaka 1870 zilikuwako sharia za kuanzisha skuli za Kirusi kwa ajili ya Watatari, na wazee wengi walizikimbia kama wanavyokimbia ndui. Serikali ikidhani ni ushupavu wa dini. Ismail akawaambia kuwa ni khofu, na khofu haiondolewi kwa amri.

Hapa inatubidi tumtaje mtu mwengine, ambaye hakuwa rafiki wa Uislamu, naye ni Nikolai Ilminsky wa Kazan. Ilminsky alikijua Kitatari, na Kiarabu alikisomea mpaka Cairo. Aliona kuwa Watatari waliobatizwa walikuwa wakirudi katika Uislamu kwa mamia, akatafuta dawa, na dawa aliyoipata ni kuwafundisha Ukristo kwa lugha ya nyumbani kwao, na kuwawekea walimu waliotoka miongoni mwao wenyewe. Skuli zake zilifanikiwa pale zilipoanguka zote zilizotangulia. Tunalieleza hili kwa uchungu, kwani mtu aliyekusudia kuwatoa watoto katika dini alifahamu siri ya kuingia nyumbani kwao kabla ya wengi wa masheikh waliokusudia kuwabakisha. Ilminsky alipoona kazi ya Ismail aliitambua mara moja, akawaonya wakubwa wa serikali kuwa mtu huyu ni wa khatari kuliko mamulla wote wa zamani. Alikuwa anaona silaha yake mwenyewe katika mkono wa mwengine.

Ismail alioa mwaka 1882. Mkewe alikuwa Zühre Akçurina, binti wa ukoo wa matajiri wa Volga wenye viwanda vya nguo. Mwaka uliofuata, baada ya kwenda na kurudi mara nyingi katika ofisi za St. Petersburg, alipata ruhusa ya kutoa gazeti, na sharti lake ni kuwa kila kiandikwacho kwa Kituruki kiandikwe na kwa Kirusi. Gazeti likatoka mwezi wa Aprili 1883, na Zühre aliuza vito vyake ili mtambo upatikane. Alifanya kazi ya gazeti pamoja na mumewe mpaka alipofariki mwaka 1903. Jina la gazeti lilikuwa Tercüman, yaani Mkalimani. Lile sharti la lugha mbili, ambalo serikali iliweka ili ijue kinachosemwa, yeye aliligeuza kuwa faida. Upande mmoja wa karasa aliwaeleza Waislamu skuli ni nini na kanuni za serikali zinasema nini, na upande wa pili aliwaeleza Warusi kwa nini mama wa Kiislamu anamficha mwanawe.

Kisha ikaja skuli yenyewe. Ili wasomaji wafahamu alichokifanya, inafaa kwanza tueleze chuo cha Kitatari kilivyokuwa, na wale waliosoma vyuo vya zamani vya pwani hawatahitaji maelezo mengi. Watoto wa umri wote walikaa chumba kimoja mbele ya mwalimu mmoja, kila mmoja na somo lake, wote wakisoma kwa sauti. Herufi zilifundishwa kwa majina yake, kisha irabu, kisha kupanga hijai, na mtoto hukariri kwa mwaka mzima au miwili bila ya kujua kuwa sauti zile ndizo maneno anayoyasema nyumbani. Hatimaye huhitimu Kurani, na wengi huhitimu bila ya kuweza kusoma karatasi nyengine yoyote, wala kuandika jina. Mwalimu hakuwa na mshahara. Aliishi kwa sadaka ya Alhamisi, kwa unga na kuku na kuni, na kwa hivyo mtoto wa tajiri alitazamwa kwa jicho moja na mtoto wa maskini kwa jicho jengine. Sisi wenyewe tulisoma katika vyuo, na tunawaombea dua walimu wetu, kwani Kurani tuliyonayo vifuani ni kazi yao. Hatuna haja ya kuvitukana vyuo ili tumsifu Ismail.

Mwaka 1884, katika mtaa wa Kaytaz Aga, alimshawishi mwalimu mmoja wa chuo kujaribu njia mpya kwa watoto 12. Njia hiyo aliita usul-i jadid, na msingi wake ni kufundisha sauti ya herufi badala ya jina lake, na kumpa mtoto tangu siku ya kwanza maneno anayoyajua, ayasome na ayaandike pamoja. Aliwaahidi wazee kuwa katika siku 40 watoto wao watasoma na kuandika. Siku hizo zilipotimia aliwaita wazee wa watoto na wakubwa wa mji waje kusikiliza wenyewe.

Tuitazame vyema siku hiyo. Yeye alikuwa na gazeti na alikuwa ameshika ukubwa wa mji, na lau angetaka angeandika makala kumi za kuwakemea wazee kwa ujinga wao. Badala yake aliwakalisha chini, akampa mtoto wa jirani yao karatasi asome. Baba aliyekuwa hajui kusoma alimsikia mwanawe wa miaka minane akisoma maneno ya lugha ya nyumbani. Na hakuna kilichoondolewa: watoto walisoma Kurani, walifundishwa sala na itikadi, mwalimu alikuwa yule yule wanayemjua mtaani, mwenye kilemba chake. Kilichobadilika ni kuwa sasa walikaa juu ya madawati, wenye kiwango kimoja pamoja, kwa saa zilizojulikana, na mwalimu akalipwa mshahara ili asimtazame mtoto kwa kuku aliyemleta. Kitabu cha kwanza cha watoto, Hoca-i Sıbyan, aliandika mwenyewe.

Skuli ikajaa. Walimu wa miji mengine wakaja Bakhchisaray kujifunza njia hiyo, wakarudi nayo makwao. Matajiri wa Kiislamu wakatoa mali. Huko Orenburg ndugu wa ukoo wa Husainov walisimamisha madrasa kubwa, na huko Baku Taghiyev, tajiri wa mafuta, alifungua skuli ya wasichana mwaka 1901. Ilipofika mwaka 1914 ilikisiwa kuwa skuli za njia mpya katika nchi yote ya Urusi zilikuwa kiasi cha 5,000. Nyingi katika hizo zilijengwa kwa fedha za watu wenyewe, bila ya msaada wa serikali, na hili ni dalili kubwa, kwa kuwa wazee wale wale walioambiwa hawapendi elimu ndio waliokuwa wakitoa mifukoni.

Khabari ya wasichana alianza nayo mapema. Dada yake alifungua skuli ya wasichana huko Bakhchisaray katika miaka ya 1890, na mwaka 1906 binti yake, Şefika, alisimamia jarida la wanawake lililoitwa Alem-i Nisvan. Walimu wa kike waliwafundisha wasichana katika nyumba ambazo mama zao waliweza kuingia na kutoka bila ya kuvunja heshima yao. Baadhi ya wanaojiita wapenda maendeleo hucheka mambo haya wakiyaona madogo. Lakini mama aliyeweza kuingia ndani na kuona mahali anapokaa binti yake hahitaji kuhutubiwa juu ya faida za elimu.

Upinzani ulikuwako, tena mkali. Masheikh wa Bukhara na baadhi ya mamulla wa Volga walisema kuwa madawati ni kujifananisha na makafiri, na kuwa kusoma kwa sauti za herufi ni bidaa. Wengine walipeleka mashtaka kwa polisi wa Kirusi kuwa walimu wapya ni waasi. Ni aibu kuyaandika haya juu ya watu wa elimu, lakini yametokea. Jawabu ya Ismail kwao ilikuwa ya upole hata marafiki zake wakaudhika. Hakuwataka wavunje vyuo vyao. Aliwataka waje watazame. Alisafiri mpaka Turkestan mwaka 1893, akaenda Samarkand na kwa Amiri wa Bukhara, na akazungumza na watu ana kwa ana kwa adabu za nchi ile.

Hapa inatupasa tukiri jambo letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika skuli moja ya mji wetu ambayo hatuitaji, mwalimu mkuu aliyekuja kutoka bara aliweka masomo ya ziada siku ya Ijumaa adhuhuri. Mji ukachafuka. Sisi tuliandika barua ya ukali, tukaisoma barazani tukaifurahia, na haikuleta kitu. Baada ya miezi mitatu wazee wawili wa mtaa, wasiojua kuandika barua wala ukali, walikwenda nyumbani kwake Jumapili, wakakaa, wakanywa chai, wakamweleza Ijumaa ni nini kwetu. Yule bwana alishika kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alidhani ni sala kama sala nyengine, inayoweza kungoja. Wiki ile ile akayahamisha masomo, na wazee nao wakasikia kutoka kwake jambo ambalo hawakulijua, kuwa watoto wao walikuwa nyuma katika hesabu na yeye alikuwa akitafuta nafasi ya kuwasaidia bila ya malipo. Barua yetu tunayo mpaka leo, na hatuitazami ila huona haya.

Tumrudie Ismail, kwani hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa na makosa, na moja katika hayo linahusu jambo hili hili. Alitamani Waislamu wote wa Urusi wenye asili ya Kituruki wawe na lugha moja ya kuandikia, nayo ni Kituruki cha Istanbul kilichopunguzwa maneno magumu. Gazeti lake na vitabu vyake aliviandika kwa lugha hiyo. Nia ilikuwa njema, ya kuunganisha. Lakini mtoto wa Kazan alisema Kitatari cha Kazan, na mtoto wa Samarkand, wa nyika za Wakazakh au wa Baku kila mmoja alikuwa na ulimi wa mama yake, na vitabu vya Bakhchisaray vikawa kwao nusu ya kigeni. Walimu wa Volga wakaanza kuandika vitabu vyao wenyewe. Yeye alihuzunika, akaona ni kutengana. Sisi twaona kuwa walikuwa wakimfuata kuliko alivyodhani: yeye ndiye aliyewafundisha kuwa somo huanza na maneno ya nyumbani.

Kosa la pili, kama ni kosa, ni upole wake kwa dola. Vijana wa Crimea waliokua katika miaka ya 1900 walimwona mwoga, anayemsifu mno Mfalme wa Urusi katika gazeti. Huenda wana haki kwa kiasi. Lakini magazeti ya vijana wale yalifungwa upesi, na Tercüman liliendelea kwa miaka 35, na kuanzia mwaka 1912 lilitoka kila siku. Mwaka 1905 Waislamu wa Urusi walipofanya mkutano wao wa kwanza wa jumla, juu ya meli katika mto karibu na Nizhny Novgorod kwa kuwa hawakupewa ruhusa ya kukutana mjini, yeye alikuwa katika wakubwa wa mkutano huo.

Mwishoni mwa mwaka 1907 alikwenda Cairo, akawahutubia Waislamu wa Misri katika hoteli ya Continental, akiwaita kufanya mkutano wa Waislamu wa ulimwengu mzima watazame kwa nini wamebaki nyuma katika elimu na biashara. Alianzisha hata gazeti la Kiarabu, al-Nahda, ambalo halikuishi. Mkutano wenyewe haukupatikana. Lakini jarida la al-Manar la Sayyid Rashid Rida liliieleza khabari ya wito ule, na kwa njia ya al-Manar fikra za watengenezaji kama yeye zikafika mpaka pwani yetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa katika wasomaji wa jarida hilo, naye ndiye aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, kwa lugha ambayo mtu wa sokoni anaifahamu. Jambo aliloligombania lilikuwa likijulikana hapa pia. Serikali ya Kiingereza ilipofungua skuli ya watoto wa Kiarabu Mombasa mwaka 1912, wazee wengi walisita, na moja katika sababu ni kuwa Kurani na Kiarabu havikupewa nafasi waliyoitaka. Watawala waliandika kuwa ni uvivu. Mtu aliyesoma maisha ya Ismail hawezi kuyasoma maandishi ya namna hiyo bila ya kutabasamu.

Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 61, alisafiri kwenda Bombay, akafungua huko darasa la njia yake, akawafundisha watoto wa Kihindi kama alivyowafundisha wale 12 wa Kaytaz Aga. Ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho. Alirudi afya yake imeharibika, na mwezi wa Septemba 1914, vita vikuu vikiwa vimekwisha anza, alifariki dunia nyumbani Bakhchisaray. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Gazeti lake lilifungwa mwaka 1918. Tarehe 18 Mei 1944 serikali ya Stalin iliwatoa Watatari wote wa Crimea majumbani mwao katika siku chache, wakatiwa katika magari ya moshi ya mizigo, wakapelekwa Uzbekistan na Urals, na wengi walikufa njiani na katika miaka ya mwanzo. Kaburi lake likaharibiwa. Walipoanza kurejea kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka 40 na zaidi, walijenga nyumba juu ya ardhi tupu, na katika mambo ya mwanzo waliyoyadai ni skuli zitakazowafundisha watoto kwa lugha yao, chache zilipatikana. Mwaka 2014 nchi ile ikatwaliwa tena na Urusi.

Alizikwa karibu na Zincirli, madrasa ile iliyomfukuza alipokuwa kijana. Jengo lake lingalipo, na mnyororo umetundikwa mlangoni.